Uzi wa Urithi Uliopinduka

Wale inzi wadogo wenye macho mekundu wazongao ndizi zilizoiva mno sokoni Langas, kule Eldoret, kwa nje ni sawasawa, lakini kwa ndani huenda wakakhitilafiana. Urithi wao umo katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Hutokea uzi ukakatika pahala pawili, kipande cha kati kikageuka, kisha ukaunga tena. Tuseme ni tasbihi: shanga 1, 2, 3, 4, 5 zikawa 1, 4, 3, 2, 5, hapana iliyopotea. Sturtevant wa Marekani aliyabaini haya kwa inzi hao mwaka 1921.

Mtu atauliza: hasara yake nini? Pengine haipo, tena huwa faida. Uzi ulionyooka na uliopinduka hushindwa kubadilishana shanga mahali hapo, basi sifa zilizofaana hurithiwa kwa fungu moja.

Mwaka 2017 wataalamu walilinganisha nyuki wa milimani Kenya na wenzao wa nyika za chini. Walifanana karibu kila mahali, isipokuwa mafungu mawili, katika kromosomu ya 7 na ya 9, ambayo dalili zake ni za mpinduko. Nyuki hao huchanganyika kwa uzazi, lakini mafungu ya mlimani ni nadra mno kuonekana bondeni.