Theluji ikionekana Kibo, kafunge banio

Mkulima wa Uru, wa Kahe na wa Ngarenairobi wote husikia tangazo moja redioni: mvua kubwa na upepo mkali katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, joto kushuka, na huko juu mlimani theluji. Kisha kila mmoja hupata ya kwake. Wa Uru hunyeshewa siku tatu mfululizo bila kuliona jua. Wa Ngarenairobi, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, huenda akapata upepo mwingi kuliko maji. Wa Kahe anaweza asipate hata tone, halafu usiku wa manane akasikia mto umeingia shambani. Tangazo halikukosea. Limeandikwa kwa mkoa mzima, na mkoa wetu wa Kilimanjaro unaanzia mita 700 hivi kule tambarare na kuishia mita 5,895 kileleni. Kazi ya kuliteremsha tangazo hadi kwenye mwinuko wa shamba lako ni yako, na mwezi huu nataka tuifanye pamoja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kila mwaka kabla ya msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa mvua za masika, za Machi, Aprili na Mei: za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Hiyo ni jumla ya miezi mitatu. Msimu wa chini ya wastani unaweza kabisa kuwa na usiku mmoja wa milimita 80, na usiku huo mmoja ndio unaobomoa makinga maji uliyoyachimba mwaka mzima. Jambo la pili ni tahadhari za siku chache zijazo, zile zenye rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mwelekeo wa msimu unakusaidia kuchagua mbegu ya muda mfupi au mrefu. Tahadhari ndiyo ya kukutoa kitandani. Naona wengi wanashika ule wa msimu kama kiapo, na hizi za siku tano wanaziachia wavuvi wa Mafia.

Tena masika ni msimu mgumu kuutabiri kuliko vuli. Vuli huenda sana na El Niño na hali ya joto la Bahari ya Hindi, vitu vinavyoonekana miezi kadhaa kabla. Masika hugeuzwa na mambo ya majuma machache, hasa vimbunga vya kusini. Machi 2019, Kimbunga Idai kilipokuwa kikiishambulia Beira nchini Msumbiji, huku Afrika Mashariki maeneo mengi yalikaa makavu na masika yakachelewa. Kimbunga kikikaa kule kinaweza kuvuta unyevu ambao ungekuja kwetu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania yenyewe. Kwa hiyo ukisikia kimbunga kimezaliwa kwenye mlango wa Msumbiji na wewe umekwisha kununua mbegu, ngoja. Usizifukie kwenye vumbi kwa kuamini kwamba tarehe imefika.

Sasa namba. Kwa TMA, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ipeleke namba hiyo shambani: milimita 50 kwenye ekari moja ni lita zipatazo 200,000. Ni matangi arobaini ya lita elfu tano yamefunguliwa juu ya ekari yako kati ya magharibi na alfajiri. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye matandazo ya majani ya migomba na kivuli cha miti hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Shamba lililofyekwa likafagiwa hadi udongo ukang'aa, kwenye mteremko, halinywi. Linayasukuma kwa jirani wa chini pamoja na udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba yote uliyoilipia. Na bati la nyumba lenye ukubwa wa mita za mraba 60 hupokea lita 3,000 usiku huohuo. Anayekosa mfereji wa bati na tangi, Agosti ananunua maji aliyoyaacha yapite mlangoni kwake.

Swali ninaloulizwa kila mwaka ni hili: theluji nyingi kwenye kilele cha Kibo, je, si dalili ya maji mengi mferejini? Hapana, na sababu inafaa ijulikane. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila ukipanda mita 1,000. Ukianza na nyuzi 24 Moshi mjini, ukifika karibu mita 4,800 umefika sifuri. Chini ya hapo wingu lilelile hushusha mvua, juu yake hushusha theluji. Kambi ya Kibo Hut iko mita 4,720, jirani kabisa na mpaka huo. Asubuhi mawingu yakifunguka ukaona weupe umeshuka hadi kambini au chini yake, umejifunza kwamba hewa imepoa kuliko kawaida na kwamba mawingu ya usiku yalikuwa mazito hadi juu. Ni habari ya jana. Sehemu kubwa ya theluji hiyo hata haiyeyuki kuwa maji: jua kali na hewa kavu ya kileleni huigeuza mvuke ikapotea. Barafu ya kudumu nayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na bado chemchemi zinatoka, kwa sababu zinalishwa na msitu. Mvua nyingi kuliko zote za mlima huu hunyesha kwenye mkanda wa msitu, karibu na mita 2,000 na kidogo, na matawi yenye kuvumwani na ndevu za mti hukamua ukungu hata siku isiyonyesha. Anayeingia usiku na msumeno kwenye ukanda wa msitu uitwao nusu maili anakata mfereji wake mwenyewe, na mimi sioni kwa nini vijiji vinamlinda mtu huyo kwa kuwa tu ni mtoto wa fulani.

Hata hivyo theluji ina neno lake kwa familia nyingi, maana vijana wetu ni wapagazi wa wageni wanaopanda mlima. Aprili wageni ni wachache na kazi ni adimu, kwa hiyo kijana hupokea safari yoyote. Mwambie asipande na koti la mtumba lisilozuia maji kwa sababu kule chini kuna joto. Mvua ya msituni siku ya kwanza ndiyo inayomlowesha. Baridi ya siku ya tatu ndiyo inayomuua.

Turudi kwenye maji. Hatari kubwa ya dhoruba kwenye miteremko yetu ni mfereji. Mifereji ya Wachagga ilichimbwa kwa ustadi ili ipeleke maji kidogo, kwa mteremko mdogo, mbali sana. Mto ukijaa na banio, lango la kuingizia maji, likiwa wazi, mfereji hupokea maji ambayo haukuyachimbiwa. Hupasuka kwenye kona, na ukipasuka huteremka moja kwa moja kupita vihamba vya watu, vyoo, mabanda na makaburi. Ukisikia tahadhari ya rangi ya chungwa, kamati ya mfereji isingoje mwenyekiti arudi kutoka mjini. Watu wawili wapande kabla ya saa kumi jioni, wafunge banio, wafungue mlango wa kutolea maji mtoni, watoe mabua na mifuko ya plastiki kwenye makaravati. Mchana, maana usiku hakuna mfereji wenye thamani ya mtu. Na kama mto umekwisha kuanza kunguruma na kubeba mawe, acheni banio, rudini.

Mtu wa tambarare, Kahe, Mabogini au kando ya Kikuletwa, hana cha kutazama juu ya kichwa chake. Atazame mlima. Wingu jeusi likikaa msituni tangu adhuhuri, maji yake yako njiani hata kama kwake jua linawaka. Mpunga huvumilia, mahindi machanga hayavumilii kusimama majini zaidi ya siku moja au mbili. Chimba mitaro ya kutolea maji sasa, udongo ukiwa unachimbika. Pampu ya umwagiliaji iondoke ukingoni. Na mpigie simu ndugu yako wa Kibosho au Marangu saa moja jioni, umuulize huko kukoje. Simu hiyo ya dakika moja ni tahadhari ambayo hakuna ofisi itakayoweza kukupa.

Kwenye miteremko mikali kuna la zaidi. Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua makumi ya watu. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama upande mmoja, chemchemi iliyotokea mahali ambapo haikuwapo, mto kupungua ghafla huku mvua ikiendelea: ukiona mojawapo, hama usiku huohuo, mifugo baadaye.

Upepo nao hauna huruma na migomba. Mgomba una mizizi mifupi, na udongo ukishalowa hushika kidogo. Kisha juu kuna mkungu wa kilo thelathini na majani yanayovimba kama tanga. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao ndio TMA huuita mkali, unatosha. Mikungu iliyokomaa ikatwe kabla ya dhoruba, hata kama soko la juma hilo ni baya. Ndizi ya kuanguka bei yake ni mbaya zaidi. Inayobaki iegemezwe kwa nguzo yenye panda, na panda ikae upande ambao mkungu unalalia. Ondoa majani yaliyokauka, punguza machipukizi shinani yabaki matatu ya umri tofauti, rundika udongo na samadi kwenye shina lililoinuka. Mgomba uliong'oka ukichungulia shina ukaona matundu meusi, mhalifu ni fukusi na upepo umemsaidia tu: kata shina vipande, tandaza vikauke, usiviache vimerundikana vikamzalia watoto. Migrivea iliyopandwa mpakani ipogolewe matawi mazito sasa. Iliyo karibu na nyumba, au juu ya banda la ng'ombe, nisingeifumbia macho.

Kahawa nitaisema kwa ufupi. Baridi na unyevu wa mfululizo ndiyo hali unayoipenda ugonjwa wa chulebuni, hasa kwenye mashamba ya juu. Kutu ya majani hushika zaidi chini, kwenye joto. Mwenye kahawa chotara kutoka taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, Lyamungu anaweza kupumua. Mwenye N39 au KP423 za babu anahitaji dawa ya kopa kabla chulebuni haijaanza, na ipulizwe kwenye mwanya wa jua, saa kadhaa ikauke. Kupuliza jioni ya dhoruba ni kuuosha mti kwa fedha.

Hali ni hiyohiyo kwa mbolea ya mahindi. Yurea iliyomwagwa juu ya udongo siku moja kabla ya milimita 50 haitakungoja. Ngoja mvua ipite, udongo upumue siku mbili, weka kando ya shina, fukia. Kwa ambao hawajapanda, usihesabu mvua ya kwanza: chimba kwa jembe, na kama unyevu haujafika kina cha jembe lote, hiyo ilikuwa ya kutuliza vumbi. Udongo mweusi wa mbuga usiingiwe na trekta wala ng'ombe ukiwa umelowa, utafunga hadi mwakani. Maharage ya mchanganyiko, kwa mashamba yanayopata mvua nyingi, yapandwe majuma mawili au matatu baada ya mahindi ili maua yasikutane na kilele cha Aprili. Huko Siha na miinuko ya Meru, viazi vikaguliwe kila siku mbili, maana baka jani likishika majani ya chini, siku chache zinatosha kumaliza shamba.

Mifugo: kata majani ya siku mbili kabla mvua haijaanza, yanyauke kidogo, maana nyasi changa zilizolowa huvimbisha tumbo la ng'ombe wa ndani. Inua sakafu ya banda la mbuzi. Majuma machache baada ya mvua kupe wataongezeka na ndigana kali itawaanza ndama, kwa hiyo wapelekwe josho sasa, kabla daraja la kwenda huko halijabebwa na maji.