Ng'ombe wa Maonyesho na Utunzaji Wake

Mwaka 1796, katika shamba la Charles Colling mahali paitwapo Ketton, kaskazini ya Uingereza, alizaliwa ndama dume ambaye sifa zake zilienea nchi nzima. Alihasiwa, akalishwa, akanenepa, hata watu wakastaajabu kuwa ng'ombe aweza kufikia ukubwa ule. Mwaka 1801 akauzwa ili watu wamtazame kwa kutoa fedha. Akatengenezewa gari lake lenye kukokotwa na farasi, akazungushwa Uingereza na Skotlandi kwa muda wa miaka karibu sita. Watu walimwita Maksai wa Durham. Lakini mwezi wa Februari mwaka 1807, alipokuwa mjini Oxford, aliteguka nyonga. Ng'ombe mwembamba akiteguka nyonga ni shida kumponya. Sembuse yeye, ambaye uzito wake ulipita kilo 1,000! Mwezi wa Aprili akachinjwa.

Katika mji ule ule wa Oxford, mwaka 1839, chama kikubwa cha wakulima wa Uingereza kilifanya maonyesho yake ya kwanza. Tangu siku zile desturi imebadilika sana. Mwamuzi hatafuti tena mlima wa mafuta. Hutazama mgongo ulionyoka, miguu isiyopinda, mwendo, na kiwele cha ng'ombe wa maziwa. Mambo hayo hayapatikani kwa kazi ya siku mbili. Mchungaji huanza miezi mingi mbele.

Kazi ya kwanza ni kumzoeza mtamba kamba ya kichwani, naye angali mdogo, kabla nguvu zake hazijamshinda mtu. Mwanzo hufungwa kitambo kidogo tu, na mchungaji hukaa karibu, maana mnyama aliyefungwa peke yake aweza kujinyonga. Akiisha kutulia, huongozwa polepole kila siku, mchungaji akienda kushoto kwa kichwa chake. Hufundishwa kusimama imara, miguu yote minne ikiwa mahali pake. Mtu mwenye hasira hafai kwa kazi hii. Ng'ombe aliyepigwa hukumbuka, naye hukumbuka hasa uwanjani, mbele ya watu wote.

Kila asubuhi mavi na majani yaliyolowa huondolewa zizini, na majani makavu hutandazwa. Kisha mchungaji humpiga mnyama burashi mwili mzima. Burashi hutoa vumbi na nywele zilizokufa, na kuufanya mwili ung'ae. Lakini faida yake kubwa ni nyingine. Mkono upitao kila mahali kila siku huona mapema kupe nyuma ya sikio, chawa shingoni, jeraha dogo, uvimbe. Huona pia choa, yaani mabaka ya mviringo yasiyo na nywele. Ugonjwa huo huenda kutoka kwa ng'ombe hata kwa mtu, tena husafiri juu ya burashi yenyewe. Kwa hiyo burashi ya mnyama mgonjwa haitumiwi kwa mwingine, na mchungaji hunawa mikono yake kwa sabuni.

Kuoshwa nako kuna taratibu zake. Maji huanzia miguuni, yapande kidogo kidogo, mnyama asishtuke. Wala yasiingie masikioni. Sabuni sharti itoke yote, kwa sababu ikibaki hukausha ngozi, ikatoa mba. Kishungi cha mkia huoshwa peke yake na kuchanwa. Siku ya baridi kali mnyama haachwi kwenye upepo angali amelowa.

Katika chakula ndiko wengi hukosea. Mwenye haraka humwongezea ng'ombe nafaka kwa ghafula ili anenepe kabla ya maonyesho. Nafaka nyingi huchacha upesi tumboni na kufanya asidi. Mnyama huacha kula, huhara, na mara nyingine nyama ya ndani ya kwato huvimba, akachechemea. Hapo uzuri wote wa burashi umekuwa bure! Majani mazuri ndiyo chakula chake cha msingi. Nafaka huongezwa kidogo kidogo, na maji safi hayakosekani. Kwato nazo hukatwa na fundi wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, ili mnyama apate nafasi ya kuzoea miguu yake.

Iko hila moja mbaya. Wako watu waachao kumkama ng'ombe kwa saa nyingi mno, ili kiwele kitune machoni pa mwamuzi. Maziwa yakijaa kupita kiasi, kiwele hukaza na kuuma, naye ng'ombe husimama miguu ya nyuma ameitanua kwa maumivu. Ni ukatili, nao vyama vya maonyesho vya Uingereza vimeukataza.

Maonyesho yakiisha, awe amepata utepe au hakupata, ng'ombe hakurudishwa kundini mara moja. Amesimama karibu na ng'ombe wa mashamba mengi, amenusana nao, pengine amekunywa ndoo moja nao. Hutengwa wiki tatu au zaidi katika zizi la peke yake, na mchungaji huwahudumia wenzake kwanza, ndipo aende kwake na burashi yake.