Ushauri wa Lishe Usigeuzwe Kuwa Amri: Somo kwa Wagonjwa wa Kisukari na Familia Zao

Elimu ya lishe imewafikia wananchi wengi, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, katika baadhi ya kaya ushauri wa wataalamu umegeuzwa kuwa amri isiyojali umri, ugonjwa wala kazi ya mtu: sukari ni sumu, ugali ni marufuku, mafuta ni adui. Hofu hiyo ikimtawala mtu hata akashindwa kula na wenzake, imevuka mpaka wa afya. Mwaka 1997 daktari wa Marekani, Steven Bratman, aliipa hali hiyo jina la othoreksia.

Hatari ya msimamo huo huonekana haraka zaidi kwa mgonjwa wa kisukari. Anayetumia sindano za insulini, au vidonge vinavyolichochea kongosho kutoa insulini kama vile glibenklamidi, hushushwa sukari na dawa hata asipokula. Dozi yake ilipangwa kwa kuzingatia chakula alichozoea. Akiacha ghafla ugali, wali, viazi na matunda yote, huku akiendelea na dozi ile ile, sukari yake inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Hutokwa jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, kisha huanza kuchanganyikiwa. Majirani wanaweza kudhani amelewa, na muda wa kumsaidia ukapotea.

Mgonjwa huyo, akiwa bado anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Baada ya dakika 15 apimwe tena kama kipimo kipo. Dalili zikiendelea, arudiwe. Akipata nafuu, ale chakula chenye wanga. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, bali akimbizwe kituo cha afya. Sukari ile iliyofukuzwa jikoni ndiyo inayookoa maisha yake, hivyo kaya yenye mgonjwa wa aina hii haipaswi kuikosa kabisa.

Wanga kwa mwenye kisukari haufutwi, hupimwa. Njia nyepesi ni kuigawa sahani: nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au nyama, na robo inayobaki iwe ugali, wali au ndizi.

Kosa jingine ni kumlisha mtoto mdogo kwa masharti ya mzazi anayepunguza uzito. Tumbo la mtoto ni dogo ilhali mahitaji yake ni makubwa. Hata katika maziwa ya mama, takriban nusu ya nishati hutokana na mafuta. Uji mwepesi usio na karanga wala mafuta humjaza bila kumkuza. Mchicha nao ukichemshwa bila tone la mafuta, sehemu kubwa ya vitamini A iliyotarajiwa haifyonzwi mwilini.

Hata dona, ambalo husifiwa kwa haki, lina sharti lake. Sumukuvu, iliyosababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, hujikusanya zaidi kwenye pumba na kiini cha punje. Mahindi yaliyoota ukungu hayawi chakula bora kwa kuwa tu yamesagwa bila kukobolewa. Hayo hayafai kuliwa kabisa.

Anayetaka kubadili mlo aonane kwanza na mhudumu wa afya katika zahanati au kliniki ya kisukari ili dozi iangaliwe pamoja na chakula. Wazazi wanaweza kuuliza pia katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu. Mgonjwa aende na dawa zake zote, na aeleze bila aibu anachokula kwa kweli, hata kama ni pilau na soda ya sikukuu.