Waliochanjwa na Waliokingwa: Hesabu ya Influenza

Kuchanja, neno ambalo maana yake ya awali ni kutia chale, si sawa na kukinga. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uigaji wa kihisabati wa maradhi ya kuambukiza. Modeli ya Kermack na McKendrick (1927) huigawa jamii katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliopona. Chanjo humtoa mtu katika kundi la kwanza, mradi imemkinga.

Ichukuliwe kwamba kijiji kina watu 1,000 wanaotangamana kwa usawa (dhana ambayo hakuna kijiji kinachoitii), na kwamba pale pasipo na kinga yoyote kila mgonjwa wa influenza huwaambukiza wastani wa watu 1.5. Bila chanjo, wapatao 583 huishia kuambukizwa. Wakichanjwa 400, na chanjo ikafaulu kwa nusu yao, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa virusi hivi hubadilika mara kwa mara, waliokingwa ni 200 tu. Hata hivyo, maambukizi hushuka hadi 251 hivi. Kati ya 332 walioepushwa, takribani 215 hawakuwa na kinga mwilini; waliepuka kwa sababu kirusi hakikupata njia ya kuwafikia.

Ili mlipuko usishike kasi, yatosha theluthi moja ya kijiji ikingwe. Kwa chanjo hiyo, basi, theluthi mbili hazina budi kuchanjwa. Mfasiri anayeandika "theluthi moja wachanjwe" amepunguza dozi kwa nusu.