Mpenzi wa Mtandaoni na Mzigo Uliokwama Uwanja wa Ndege

Amekuwa akikusalimia kila asubuhi. Anasema ni mwanajeshi wa Marekani au daktari wa melini, mjane mwenye mtoto mmoja. Siku moja anakwambia amekutumia zawadi: simu, mkufu na bahasha ya dola. Kesho yake anapiga mtu mwingine, Kiswahili kimenyooka, anajitambulisha kuwa ofisa wa forodha Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Mzigo umekwama, lipa ushuru leo hii usije ukataifishwa. Namba ya kulipia anayokupa ni laini ya simu yenye jina la mtu binafsi.

Usilipe. Ushuru wa forodha hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi wanayoiita kontrol namba. Hakuna ofisa mwenye mamlaka ya kupokea ushuru kwenye simu yake. Ukituma ya kwanza, utadaiwa ya bima, kisha ya "cheti" cha kuthibitisha kwamba dola hizo si fedha haramu. Madai hayaishi mpaka uishiwe wewe.

Picha zake zitafute kwa Google Lens. Mara nyingi sura ni ya mtu mwingine kabisa, asiyejua kwamba anatumiwa. Simu ya video nayo si ushahidi tosha siku hizi, kwani akili mnemba inabadilisha sura na sauti. Mtu ambaye hujawahi kuonana naye uso kwa uso asiguse pesa yako.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, na simu yako ya kiganjani imo humo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya alichojipatia, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kumpenda na kumwamini si kosa popote katika sheria zetu. Nasema hivi kwa sababu wengi wananyamaza kwa aibu, na matapeli wanaitegemea aibu hiyo.

Linalonitia hofu zaidi ni hili: akikuomba upokee pesa kwenye akaunti yako umpelekee "rafiki", au umsajilie laini kwa kitambulisho chako cha NIDA, kataa. Pesa hiyo huenda imeibwa kwa mwingine, na polisi wataanzia kwa mwenye jina. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako.

Kama umeshatuma, ipigie kampuni ya simu au benki mara moja, uombe muamala uzuiwe. Usifute mazungumzo hata kama yanakuumiza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji kupokelewa mahakamani. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Akitishia kusambaza picha zako za faragha, usimlipe. Ongeza tishio hilo kwenye maelezo yako.

Baadaye anaweza kujitokeza "mwanasheria" au "mpelelezi" wa kukurudishia fedha zako kwa ada ndogo. Mara nyingi ni genge lilelile. Kufungua jalada polisi hakuna malipo.