Umeita Gari kwa Simu, Mmepata Ajali: Nani Anakulipa?

Wanachuo wa Dar es Salaam tukiita gari au bajaji kwa simu tunaangalia mambo mawili tu: bei, na dereva atafika baada ya dakika ngapi. Swali la nani atalipa mguu ukivunjika huja tukiwa wodini, na hapo mara nyingi ushahidi umeshapotea.

Chukulia mfano huu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anatoka Mlimani City kwenda hosteli za Mabibo, saa tatu usiku. Dereva anaovateki vibaya, anagonga lori lililosimama. Abiria anavunjika paja na kukosa mitihani ya muhula mzima. Anamdai nani?

Dereva na mwenye gari

Wa kwanza ni dereva. Ukithibitisha kwamba aliendesha kwa uzembe na uzembe huo ndio uliokuumiza, ana wajibu wa kukufidia. Tatizo ni mfuko wake: kijana anayepeleka hesabu kila jioni hana milioni kumi za kukupa, hata mahakama ikiamuru.

Wa pili ni mwenye gari. Kama dereva alikuwa kwenye kazi ya mwenye gari, sheria inaweza kumbebesha tajiri kosa la dereva wake, kama inavyombebesha mwajiri kosa la mtumishi. Lakini gari la "mkataba", ambalo dereva analilipia kidogo kidogo hadi liwe lake, linaleta ubishi: je, huyu bado anamfanyia kazi tajiri, au anajifanyia mwenyewe?

Bima: hapa ndipo pesa ilipo

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo kuingia barabarani bila angalau bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Wengi hudhani bima ndogo ni ya gari lililogongwa au mtu wa pembeni tu. Siyo. Kwa chombo kinachobeba abiria kwa malipo, abiria naye ni mtu wa tatu, na kuumia au kufa kwake kunapaswa kuwa ndani ya bima hiyo.

Sasa soma tena maneno "kwa malipo". Bima ya gari binafsi haikuandikwa kwa ajili ya abiria anayelipa nauli. Mtu akiikatia IST yake bima ya matumizi binafsi, kisha akaiingiza kazini kwa simu, kampuni ya bima ikiletewa madai itakuwa na jibu tayari: hatukuuza bima ya biashara. Utabaki na dereva na tajiri wake, na safari ndefu ya mahakamani.

Dalili ya kwanza unaiona kabla hujafungua mlango. Kibao cha namba cheupe ni cha chombo cha biashara; cha njano ni cha binafsi. Halafu ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uone kama bima ipo hai. Ni jambo la dakika moja, na dereva anayekufuata bado yuko njiani.

Na kampuni ya programu?

Kampuni hizi hujieleza kwenye masharti, yale tunayobonyeza "kubali" bila kusoma, kwamba zenyewe zinaunganisha watu tu na msafirishaji ni dereva. Hoja hiyo haijapita kila mahali. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Uber na Aslam, iliamua kwamba madereva wale walikuwa wafanyakazi kwa maana ya sheria za kazi za huko, kwa sababu kampuni ndiyo iliyopanga nauli na kuwabana kwa masharti. Shauri lile lilihusu haki za madereva, siyo abiria, na haliwafungi majaji wetu, ila wakili anaweza kulitumia kujenga hoja. California walichagua njia nyingine: tangu Julai 2015 sheria inataka kuwe na bima ya dola milioni 1 tangu dereva anapokubali safari hadi abiria anaposhuka. Abiria hahitaji kwanza kushinda ubishi wa nani ni mwajiri wa nani. Hilo ndilo la kuidai LATRA na Bunge.

Linda ushahidi wako

"Oya, kata hiyo safari, nipe kesh, twende." Ukikubali, umefuta rekodi ya jina, namba ya gari, njia na muda. Usikate.

Ajali ikitokea, piga picha ya safari kwenye simu na kibao cha namba. Chukua namba za mashahidi. Polisi watakupa PF3 ya matibabu. Fuatilia pia ripoti ya trafiki na ramani ya ajali. Kesi ya trafiki usiiache, maana dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo ni silaha nzito kwenye madai yako. Tunza kila risiti, na uwe na barua ya chuo kuhusu mitihani uliyokosa.

Iandikie kampuni ya bima mapema, kabla ya kufungua kesi. Wakikuletea hati ya malipo ya mwisho ukiwa bado na vyuma mguuni, usisaini kabla daktari hajasema utapona kwa kiasi gani, kwa sababu ukisaini umefunga madai. Wakikuzungusha, nenda Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kumbuka ukomo: madai ya madhara yanayotokana na uzembe yana miaka 3.

Mwisho, kwa wapanda boda: ukipanda mshikaki au bila helmeti, mahakama inaweza kusema nawe ulichangia kuumia kwako, ikakata fidia. Vaa helmeti hata kama ina harufu.