Kuizoeza Kazi Injini ya Dizeli Iliyoundwa Upya

Katika vichochoro vya Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, lori kubwa haliwezi kupita kila mahali. Kwa sababu hiyo kazi nyingi za ujenzi hufanywa kwa mashine ndogo, kama ile ya kuchanganya saruji na kokoto, au ya kuvuta maji, zenye injini ndogo za dizeli. Injini ikichakaa, mwenyewe hana budi kuifungua, silinda ikachongwa upya, na pistoni ikatiwa pete mpya, ambazo mafundi huziita ringi. Gharama yake si haba. Lakini wako wanaoipoteza yote katika siku chache za kwanza, wala si kwa uzembe, bali kwa huruma isiyo na maarifa.

Huruma yenyewe ni hii: mtu huiwasha injini yake na kuiacha izunguke polepole mchana kutwa bila mzigo, kana kwamba ni mgonjwa aliyetoka hospitali jana.

Ukuta wa silinda mpya hauachwi laini kabisa. Fundi huukwaruza kwa jiwe la kunolea, akafanya mistari myembamba inayopishana, ili ishike mafuta, na ili pete zisuguane nayo hata zikae sawasawa. Kinachozikaza pete ukutani si mkazo wake zenyewe tu; hasa ni nguvu ya moto uwakao juu ya pistoni, ambayo hupenya nyuma ya pete na kuzisukuma nje. Injini isiyo na mzigo huunguza dizeli kidogo tu, na nguvu hiyo haitoshi. Pete huteleza, mafuta huungua ukutani na kufanya ngozi ngumu ing'aayo kama kioo, na ile mistari ya fundi huzibwa. Tangu hapo injini hula mafuta na kutoa moshi wa buluu, na mara nyingi dawa yake ni kufunguliwa tena.

Basi yapasa kwanza kuizungusha kwa hendeli, dizeli ikiwa imefungwa, mpaka mafuta yafike kwenye beringi. Chujio la hewa liwe safi, kwa maana vumbi la kiangazi katika mitaa hiyo ni msasa mtupu. Injini ikiisha kuwaka, itazamwe dakika chache kama inavuja, kisha ipewe kazi: pipa la kuchanganyia litiwe nusu, baadaye liongezwe kidogo kidogo, na mzigo ubadilike-badilike. Mzigo kamili wa kutwa nzima usitiwe siku za kwanza.

Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini haitoi nguvu zote zilizoandikwa kwenye kibati chake. Moshi mweusi ukizidi, mzigo upunguzwe.

Watengenezaji wengi huagiza mafuta ya kwanza yamwagwe baada ya saa 20 hadi 50, kwa kuwa yamebeba unga wa chuma. Kitabu cha injini ndicho kifuatwe. Wakati huo boliti za kichwa zikaguliwe pia. Kila asubuhi mwenye mashine aandike daftarini kiasi cha mafuta alichoongeza. Kiasi hicho kikipungua na kutulia, pete zimekwisha kukaa.